Je, Wajua? Lita moja ya petroli, maji ya kijiji kizima

Lita moja tu ya petroli ikivuja ardhini inaweza kuharibu zaidi ya lita 800,000 za maji ya kunywa. Hesabu ni hii: petroli yenye asilimia 1 ya benzini hubeba takriban gramu 8.8 za kemikali hiyo inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita.

Ndiyo maana kituo cha mafuta huweza kuzungushiwa visima vyembamba vya uchunguzi: bomba la plastiki lenye matundu sehemu ya chini, linalofika majini. Mpimaji hushusha kichupa kirefu kinachoonyesha ndani, akakipandisha polepole. Petroli ikiwa imevuja kwa wingi, utando wake huelea juu ya maji. Benzini iliyoyeyuka haionekani. Hiyo ni kazi ya maabara.

Kule Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja mwaka 2015, mto na visima vikachafuka. Abuku, wilayani Koboko nchini Uganda, watu pia hunywa maji ya visima, vya pampu. Hapo kipimo cha kwanza cha maji kichukuliwe kabla tangi lolote la mafuta halijafukiwa, la sivyo mwanakijiji atathibitishaje kwamba maji yake yalikuwa safi?