Mahali Njia za Kairo Zinapokutana

Sogeeni karibu, wanangu, leo nawapeleka Misri, tukashuke ngazi za Kairo hadi chini ya ardhi.

Zamani mji huo ulikuwa na reli mbili za abiria zisizokutana. Moja ilitoka Helwan, kusini, ikaishia Bab al-Luq katikati ya mji. Nyingine ilitoka upande wa El Marg, kaskazini-mashariki, ikaishia karibu na stesheni kuu ya Ramses. Katikati palibaki kilomita chache tu, na hizo ndizo zilizowatesa watu. Abiria akishuka huku na safari yake iko kule, ilimbidi aingie barabarani, na barabara za Kairo zilikuwa zimesongamana kwelikweli.

Basi likachimbwa handaki la kuziunganisha reli hizo, Wafaransa wakisaidia kazi. Sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1987, ikawa metro ya kwanza katika bara la Afrika. Njia hiyo, ndiyo Njia ya Kwanza, ina stesheni 35, lakini zilizo chini ya ardhi ni tano tu, zile za katikati ya mji. Nyingine zote ziko juu, juani.

Njia ya Pili ilianza mwaka 1996, na hii ndiyo inayonisisimua mimi. Treni ikitoka stesheni ya Sadat kwenda Opera, inapita chini ya Mto Nile! Abiria ameketi anasoma gazeti lake, na juu ya kichwa chake yanapita maji ambayo mengine yalianza safari katika Ziwa Victoria, hapa kwetu.

Sasa mtaniuliza: kwa nini treni ya Njia ya Kwanza isikate kona tu ikaingia Njia ya Pili? Kizuizi kimoja ni umeme. Treni za Njia ya Kwanza huchota umeme kwenye waya ulio juu. Za Njia ya Pili huuchota chini, kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando ya zile mbili za magurudumu. Kwa hiyo treni hubaki kwenye njia yake, na anayehama ni abiria. Unashuka, unafuata mishale, unapita ngazi na ujia, unatokea kwenye jukwaa la njia nyingine. Ni kama kushuka daladala moja ukapanda nyingine, ila hapa huulizwi nauli tena. Tiketi usiitupe tu, maana geti la kutokea litaidai.

Njia hizo mbili zilikutana mahali pawili: Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir, na Al-Shohadaa, kwenye stesheni kuu ya reli. Agosti 2013, wakati wa misukosuko ya kisiasa, Sadat ikafungwa. Treni ziliendelea kupita pale, lakini hazikusimama. Fikirini mtu anayetoka Helwan kwenda Dokki, ng'ambo ya mto. Alizoea kubadilisha treni Sadat, vituo viwili tu kabla ya kufika. Sasa ilimbidi aipite Sadat, aende mpaka Al-Shohadaa, apande Njia ya Pili, kisha arudi alikotoka na kuipita Sadat mara ya pili. Na wote waliotaka kuhama njia walirundikana kwenye stesheni hiyo moja. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili, hadi Juni 2015. Reli haikupungua hata mita moja, lakini mji mzima uliumia, kwa sababu mlango mmoja kati ya njia mbili ulikuwa umefungwa. Ndiyo maana mkinipa ramani ya metro yoyote, jicho langu hutafuta kwanza njia zinapokutana.

Njia ya Tatu ilianza kidogokidogo mwaka 2012, ikiigusa Njia ya Pili pale Attaba. Mtu wa Helwan aliyetaka kuipanda alibadilisha treni mara mbili: kwanza aingie Njia ya Pili, halafu Attaba ahamie ya Tatu. Mwaka 2022 Njia ya Tatu ikafika stesheni ya Nasser, ikakutana na Njia ya Kwanza. Sasa mtu huyo anapanda Helwan, anashuka Nasser, anahama jukwaa mara moja, na treni inayofuata inampeleka moja kwa moja hadi Adly Mansour, mwisho wa njia hiyo upande wa mashariki.