Ubani Kabla ya Moshi

Sisi wa pwani tumezoea kukutana na ubani ukiwa umeshatua juu ya kaa: kwenye Maulidi, chumbani kwa mzazi ambaye hajatoka arobaini, nyumbani kwa wafiwa. Tanzania hata pesa za rambirambi huitwa ubani, ingawa siku hizi hutumwa kwa simu na hazinukii chochote. Kwa watu wa Dhofar, kusini mwa Oman, ubani huanzia mbali na moto.

Mti wenyewe, Boswellia sacra kwa wataalamu, haupendezi machoni. Ni mfupi, umepinda, gome lake hubanduka kama karatasi. Hustawi nyuma ya milima, upande wa jangwa uitwao Najd, ambako mvua za monsuni ziitwazo kharifu hazivuki lakini ubaridi wake hufika. Wadi Dawkah, bonde mashuhuri la miti hiyo, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mvunaji hukwangua gome kidogo kwa manqaf, chombo mfano wa patasi, akaenda zake. Utomvu mweupe hutoka na kuganda. Wiki mbili hivi baadaye hurudi na kukwangua palepale, kwa kuwa mavuno ya kwanza ni hafifu. Ubani wa kujivunia hutoka kwenye raundi za baadaye.

Mti haumtolei mtu utomvu huo. Unajitibu: unaziba kidonda, unafukuza wadudu na kuvu. Harufu tunayoipenda ni mvuke wa kemikali nyepesi, hasa alfa-pineni, ambayo pia huupa msonobari harufu yake, na maabara zimeonyesha kuwa mafuta ya ubani huweza kuua baadhi ya bakteria. Lakini asidi za boswelia, zinazotafitiwa zaidi kwa maumivu ya viungo, ni nzito na hazinukii. Mwenye kuzitaka heri atafune kuliko kufukiza, na Wadhofar hutafuna tangu zamani. Punje za hojari, ubani wa daraja la juu, zile za kijani hafifu, huzichagua moja moja, wakaziloweka usiku kucha, asubuhi wakanywa maji yake kwa ajili ya tumbo.

Je, ule utulivu unaomshukia mtu chetezo kikiwaka? Mwaka 2008 watafiti waliripoti kwamba insensoli asetati, iliyomo katika utomvu wa jamii hiyo ya miti, iliwapunguzia panya wasiwasi. Panya, tena kwa sindano; si bibi aliyekaa na kanga yake juu ya chetezo. Mimi naamini bibi hutulizwa pia na kumbukumbu za nyumba alimolelewa, ila hilo halipimwi kwa sindano.

Moshi nao ni moshi. Una chembechembe na kaboni monoksidi kama wa kuni, na mtoto mwenye pumu huanza kukorota kifuani hata kama ubani ni hojari halisi. Ndiyo maana napenda adabu ya mabkhara, chetezo cha Waomani. Haiachwi ifuke mchana kutwa mbele ya wageni. Huletwa mazungumzo yakikaribia kwisha, baada ya kahawa. Kila mmoja huuvuta moshi kidogo kwa kiganja kuelekea ndevu na nguo, akampasia wa pili. Ikishamaliza mzunguko, mgeni anajua ni wakati wa kuaga.