Rovu: Tezi Inapotii Amri Bila Malighafi

Mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, wengi humwona kuwa ana tezi iliyoharibika. Mara nyingi tezi hiyo ilianza ikiwa nzima, ila imefanyishwa kazi kupita kiasi. Ukijua nani anayeifanyisha kazi hiyo, umeelewa jinsi homoni zinavyotawaliwa mwilini.

Tezi za homoni humwaga homoni zake moja kwa moja kwenye damu. Kongosho hutoa insulini inayoshusha sukari. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hutoa adrenalini mtu anaposhtuka. Ovari na korodani hutoa homoni za uzazi. Shingoni, chini ya zoloto, ipo thairoidi, yenye uzito wa gramu 20 hivi kwa mtu mzima. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili kutumia chakula kupata joto na nguvu, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto na ujengaji wa ubongo wake.

Homoni kuu ya thairoidi ni thairoksini, na kila molekuli yake ina atomu 4 za iodini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita madini joto. Mwili hauwezi kuyatengeneza. Lazima yatoke kwenye chakula. Chini ya ubongo, tezi ya pituitari, ndogo kama kunde, hufuatilia kiwango cha thairoksini kwenye damu. Kikishuka, hutuma homoni iitwayo TSH kuiamuru thairoidi inyonye madini joto zaidi na kuongeza uzalishaji. Kikipanda, amri hupungua. Madini joto yasipokuwepo, amri haikomi, kama msimamizi anayemkaripia fundi asiyeletewa saruji. Thairoidi huongeza chembe zake ili inase hata kile kidogo kinachopita, na mwaka baada ya mwaka shingo inajaa.

Madini joto yamejaa baharini, hivyo samaki na mwani huwa nayo. Milimani, mvua za karne nyingi zimeyaosha kutoka kwenye udongo, na mazao yanayolimwa huko huyakosa pia. Ndiyo maana rovu lilienea sana Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania.

Udongo hauelezi yote. Miaka ya 1960, madaktari waliochunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, Kongo, waliona upungufu wa madini joto pande zote za kisiwa, lakini rovu lilikuwa jingi zaidi kaskazini. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri hubaki na sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thaiosianeti, na kemikali hiyo huzuia madini joto kuingia kwenye tezi. Kuloweka, kuvundika na kukausha muhogo hupunguza sana sumu hiyo.

Rovu linaonekana, hasara kubwa haionekani. Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto hutegemea thairoksini ya mama. Upungufu mkali huweza kumletea ulemavu wa akili usiorekebishika baadaye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 za madini joto kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito.

Kinga yake ni nafuu. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo humpa mtu mzima mikrogramu 150 katika gramu 5 tu, sawa na kijiko kimoja cha chai. Gramu hizo 5 ndizo pia kikomo cha chumvi kwa siku kwa ajili ya shinikizo la damu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuizidisha.

Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na joto la jiko, na itie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini usijitibu rovu kwa chumvi. Si kila uvimbe wa shingo unatokana na upungufu. Baadhi ni vinundu, saratani au tezi inayozalisha homoni kupita kiasi. Ukiuona uvimbe, nenda hospitali upimwe damu na shingo.