Rubela katika ujauzito

Rubela ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na virusi. Huenea kwa njia ya hewa, hasa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Kwa mtoto kwa kawaida huleta homa ndogo na vipele, kisha hupona. Kwa mwanamke mwenye mimba changa, unaweza kuharibu mimba au kumwachia mtoto kasoro za kuzaliwa, hasa mtoto wa jicho, uziwi na kasoro za moyo. Uhusiano huo ulitambuliwa mwaka 1941 na Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, Australia.

Kinga ya mama

Mwanamke aliyewahi kuugua rubela au kuchanjwa huwa na kingamwili, yaani protini za damu zinazotambua virusi na kuvizuia. Asiyenazo huanza kuzitengeneza baada ya kuambukizwa, lakini virusi vinaweza kufika kwenye kondo la nyuma kabla hazijatosha. Akiambukizwa mapema katika ujauzito, wakati viungo vya mtoto vinaumbika, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto unaweza kufika 90%. Baada ya wiki 20 kasoro huwa nadra.

Kingamwili za aina ya IgG hupita kwenye kondo kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, lakini za aina ya IgM hazipiti. Kwa hiyo IgM dhidi ya rubela ikionekana katika damu ya mtoto mchanga, ni dalili kwamba aliambukizwa tumboni.

Chanjo nchini Tanzania

Tanzania ilianzisha chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, kwa kampeni ya kitaifa iliyolenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Katika ratiba ya taifa, inayohusu pia kata za vijijini kama Kilimarondo wilayani Nachingwea, mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo mjamzito hapewi: kinga inapaswa kutangulia mimba. Wavulana pia huchanjwa, kwa sababu wanaweza kuwaambukiza wajawazito. Wakichanjwa watoto wachache tu, virusi hupungua bila kwisha, na wasichana wengi zaidi hufikia umri wa kuzaa bila kinga yoyote. Ndiyo maana chanjo ya rubela inahitaji kuwafikia karibu watoto wote.