Gari linapiga mluzi likikanyagwa mafuta? Sikiliza kwanza, spea baadaye

DEREVA anayetoka Mombasa kwenda Kigali hupita Nairobi, Malaba na Kampala kabla ya kuvuka mpaka wa Gatuna. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500, yenye milima na misururu ya malori. Katika njia hiyo, sauti nyembamba kama mluzi inayoanza kila anapokanyaga mafuta si jambo la kufunika kwa redio.

Kadi ya Manjano ya COMESA aliyonayo mfukoni hulipia madhara atakayowasababishia wengine katika nchi anayopita. Giaboksi ikisagika katikati ya mlima, gharama ni yake mwenyewe.

Wengi wakifika gereji husema tu, “Gari linalia.” Fundi asiyeuliza zaidi hubahatisha: leo anabadili mkanda, kesho alteneta, keshokutwa anashusha giaboksi. Kila hatua ina bili yake. Lakini dereva anayeweza kueleza sauti inatokea lini huwa amemaliza nusu ya kazi, na hilo humsaidia zaidi anapokuwa ugenini ambako hana fundi anayemfahamu.

Likiwa limesimama

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Dereva asimamishe gari mahali tambarare, avute breki ya mkono, aweke nyutro, kisha akanyage mafuta taratibu. Mluzi ukisikika na kupanda pamoja na injini, tatizo liko kwenye injini yenyewe au kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda: alteneta, pampu ya usukani, pampu ya maji, kompresa ya kiyoyozi au puli.

Sauti ikiongezeka anapokata usukani, pampu ya usukani ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mara nyingi mafuta yake yamepungua au yameingia hewa. Kujaza bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha tatizo. Sauti ikiongezeka anapowasha taa na vifaa vingine vya umeme, macho yaende kwenye alteneta.

Mkanda uliochakaa au kulegea hulia zaidi asubuhi yenye baridi au wakati wa mvua. Mafundi wengi huunyunyizia maji kidogo. Sauti ikibadilika kwa muda mfupi, mkanda au puli zake zikaguliwe. Wengine huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ganda la alteneta na mpini sikioni, na beringi mbovu husikika ikisaga. Anayefanya hivyo awe mbali na mkanda unaozunguka, bila mkufu wala nguo zilizolegea.

Kwa gari lenye klachi kuna kipimo kingine. Sauti ikiwepo kwenye nyutro na kupotea klachi inapokanyagwa, beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kuchoka. Ikianza pale klachi inapokanyagwa, beringi ya klachi yenyewe ndiyo ya kukaguliwa.

Likiwa barabarani

Gari likinyamaza likisimama na kulia likitembea, washukiwa ni giaboksi, difu na beringi za magurudumu. Swali la kuwatenganisha ni moja: je, sauti inabadilika gia inapobadilika? Ikiwa kubwa kwenye gia moja na kupungua kwenye nyingine, giaboksi ikaguliwe. Ikifuata kasi ya gari bila kujali gia, ni difu au gurudumu.

Difu mara nyingi hulia injini inapovuta, kisha hunyamaza au kubadili sauti dereva anapoachia mafuta. Beringi ya gurudumu haijali sana mguu wa dereva. Yenyewe hubadilika kwenye kona, gari linapoegemea upande mmoja.

Oili ndiyo mwanzo

Kabla ya kufungua chochote, oili ipimwe. Difu nyingi huanza kulia kwa sababu oili imevuja polepole kupitia sili iliyochoka. Kubadili sili na kujaza oili mpya ni kazi ndogo. Zikiachwa kavu, krauni na pinioni hulika, na hizo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.

Anayekwenda kutafuta difu iliyotumika, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, ahakikishe uwiano wa meno unalingana na wa zamani. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana, difu hizo hushindana hadi kitu kivunjike.

Hatari nyingine ni oili isiyo yake. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hufika na vitabu vya Kijapani, na baadhi yana giaboksi za CVT, ambazo badala ya gia hutumia mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Hizo zina oili yake maalumu. Zikijazwa oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na giaboksi nzima ikafa.

Si kila mluzi ni ugonjwa. CVT nzima huweza kuvuma kidogo, na tabo huwa na mluzi wake mwembamba. Sauti ya kuogopwa ni ile mpya, inayoongezeka wiki hadi wiki, au inayokuja pamoja na moshi, gari kukosa nguvu, au madoa ya oili mahali lilipolala.

Dereva mwenye bahati ni yule anayefika gereji ya Gatsata, Kigali, na kusema: “Linalia nikikanyaga mafuta kuanzia kilomita 60, hata nikibadili gia, na nikiachia linanyamaza.” Fundi atakwenda moja kwa moja kukagua oili ya difu. Akiwahi, safari itaendelea kwa gharama ya sili moja na lita chache za oili.