Weupe Usioumiza Macho



Aingiaye katika nyumba zetu nyingi hapa Al-Naseem, iwe ya Riyadh au ya Jeddah, hukutana na kuta nyeupe pe, taa ya tyubu, na jiko ambalo dirisha lake hutazama ukuta wa jirani. Tulipanga kwa nia ya kukaa miaka miwili. Baadhi yetu sasa twahesabu ya ishirini. Kwa kusema "hapa si kwetu", tumeziacha kuta kama tulivyozikuta. Lakini watoto wetu hawaijui nyumba nyingine.

Mimi nami nilikosea. Nilipopaka jiko letu mara ya kwanza, nilichagua weupe mkali kuliko wote, nikidhani ndio usafi. Usiku taa ilipowashwa, kuta ziligeuka za kibuluu kama za zahanati. Kila tone la mchuzi na kila chembe ya vumbi ikaonekana. Mama watoto akawa anapika upesi ili atoke.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa matumbawe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, usiozidi sana mita 3. Mwanga uliingia kidogo kutoka uani. Hivyo kuta na zidaka zake zilipakwa chokaa, nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yaleyale. Weupe wa chokaa ni mpole: huurudisha mwanga chumbani bila kuyachoma macho. Walio Jeddah wanaweza kujionea mfano wake Al-Balad, ambako nyumba kongwe zilijengwa kwa matumbawe ya Bahari ya Sham. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, baada ya Mji Mkongwe (2000) na Lamu (2001).

Rangi ya kopo nayo yaweza kufuata njia hiyo. Weupe uliotiwa njano, kahawia au kijivu kidogo hutupa rangi ya maziwa, ya tui au ya pembe. Ushauri wangu ni huu:

Kwanza, omba idhini ya mwenye nyumba. Rangi pole ni rahisi kukubaliwa.

Pili, paka kipande cha ukuta kiasi cha gazeti, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku.

Tatu, soma paketi ya balbu. Namba 6500 ni mwanga wa kibuluu. 3000 ni wa njano, nao huipendeza rangi pole.

Nne, tazama vigae. Rangi ya maziwa kando ya vigae vyeupe pe huonekana kama uchafu. Hapo chagua pole iliyo karibu zaidi na nyeupe.

Tano, jikoni tumia rangi ya mafuta, inayofutika kwa kitambaa na sabuni. Vyumbani, rangi ya maji yatosha.

Sisi tulipaka upya rangi ya tui mwezi wa Shaabani, tukabadili na balbu. Gharama haikuwa kubwa. Ramadhani ilipoingia, binti yetu mdogo alihamishia madaftari yake kwenye meza ya jikoni, karibu na mama yake. Hajayarudisha chumbani hadi leo.