Uchafu wa rimu unaanzia duka la spea

Kuanzia tarehe 29 Novemba 2026, kila modeli mpya ya gari dogo itakayoombewa kibali katika Umoja wa Ulaya itapimwa kitu ambacho sheria za huko hazikuwahi kukigusa: vumbi la breki. Kanuni za Euro 7, zilizopitishwa mwaka 2024, zinaliruhusu gari la petroli au la mseto kutoa miligramu 7 za vumbi hilo kwa kilomita moja, na gari la umeme pekee miligramu 3. Mwaka mmoja baadaye kipimo hicho kitahusu magari mapya yote.

Kwa mwenye gari wa Nairobi au Dar es Salaam, Euro 7 ni habari za mbali. Vumbi lenyewe analijua: ule weusi unaorudi kwenye rimu za mbele kabla hata bodi haijachafuka. Biashara tatu zinaishi kwa uchafu huo mmoja: ya pedi, ya dawa za kusafishia na ya kuosha magari. Anayetoka jasho ni muoshaji, lakini mwenye uwezo wa kuupunguza ni muuza pedi.

Dereva akikanyaga breki, pedi inaibana diski na vyote viwili vinalika. Chembe zinazotoka zimejaa chuma na huruka zikiwa za moto. Zikitua kwenye rimu zinanasa, zikipata unyevu zinashika kutu, na kutu hiyo inaanza kula vanishi. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari. Vitz nyingi zina breki za dramu nyuma, na dramu hulifungia vumbi lake ndani.

Aina ya pedi ndiyo inayoamua kiasi cha vumbi. Watengenezaji wa Ulaya, hasa Wajerumani, wamezoea pedi zenye chuma kingi zinazoshika vizuri gari likiwa kwenye mwendo mkali, na mwenye BMW analipia sifa hiyo kwa rimu nyeusi. Wajapani walielekea kwenye pedi zenye chuma kidogo au zisizo nacho kabisa, zikiwemo za seramiki. Hizo hutoa vumbi kidogo, tena la rangi nyepesi.

Ukisimama kwenye kaunta za spea za Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, maswali utakayoyasikia ni mawili: bei gani, na je, ni orijino? Pedi imetengenezwa kwa nini, ni wachache wanaouliza. Kwingineko swali hilo limeshaingia kwenye sheria. California ilipiga marufuku pedi mpya zenye shaba zaidi ya asilimia 5 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikashusha kiwango hadi asilimia 0.5, kwa sababu shaba hiyo huoshwa na mvua hadi mitoni na kudhuru samaki. Asbesto, iliyotumika kwenye breki kwa miaka mingi, husababisha saratani ya mapafu. Ndiyo maana fundi hapaswi kupuliza vumbi la breki kwa kompresa. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Kwenye dawa, soko lina makundi matatu. Za asidi hufanya kazi haraka na ndizo za kuogopwa. Asidi ya haidrokloriki, inayotumika kuondoa madoa ya saruji, hula alumini. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kibarua anayepewa dawa ya rimu kwenye chupa isiyo na lebo hawezi kujua ameshika ipi. Kundi la pili ni dawa za alkali. Hizi hukata grisi, ila huacha mabaka kwenye alumini isiyopakwa rangi.

Kundi la tatu ni dawa za kuyeyusha chuma. Ukiipuliza kwenye rimu kavu haina rangi ya kutisha, lakini ikikutana na chembe za chuma hugeuka zambarau na kuteremka katikati ya spoku kama juisi ya zabibu. Harufu yake wateja wa saluni wanaijua: kiungo chake kikuu, thioglaikoleti, ni ndugu wa kile cha kalikiti. Haina ukali wa asidi, lakini bei yake imechangamka, na kituo kinachoosha kwa sabuni ya unga hakiwezi kuitumia bila kuongeza malipo.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Rimu iachwe ipoe kwanza, maana kwenye rimu ya moto dawa hukauka na kuacha doa, na maji baridi yanaweza kuipinda diski yenye joto. Muoshaji avae glavu, asafishe gurudumu moja kwa wakati, na aisuuze dawa kabla haijakauka. Tambara la rimu lisiguse boneti, kwani chembe za chuma zilizobaki ndani yake huchora rangi. Mwisho hupakwa nta au kinga ya seramiki. Kinga hizo hazizuii vumbi kutua. Zinalinyima pa kushika, na safari inayofuata shampuu na maji hutosha.

Viwandani, mashindano ni ya kulipunguza vumbi kabla halijatoka. Mwaka 2017 Porsche ilizindua breki zenye diski zilizopakwa kabidi ya tungsteni, na kalipa zake ikazipaka rangi nyeupe ili kila mtu aone hazichafuki. Mwaka huohuo Bosch ilitangaza diski ya aina hiyo yenye vumbi pungufu kwa hadi asilimia 90, kwa bei ya takriban mara tatu ya diski ya kawaida. Volkswagen ID.3, gari la umeme, imerudia dramu nyuma, kwa kuwa mota yake hufanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo gari la Euro 7 linaweza kuchukua muda huo kufika Mombasa. Hadi hapo, nafasi ya biashara iko kwa kituo cha kuosha kitakachofanya kazi na fundi breki mmoja anayeaminika: mteja anayelalamikia rimu nyeusi auziwe kwanza pedi zenye vumbi kidogo zinazolifaa gari lake, kisha kinga ya rimu. Atakuja kuosha rimu mara chache, lakini kila pedi zikiisha atajua pa kurudi.